Mshale Uliopanda Tena

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya migomba, Kemuma alikuwa ameshafika kijitoni, amejaza debe lake dogo na kushika njia ya shule. Kazi ya kujaza pipa la jikoni ilikuwa ya darasa la saba, na kila mwanafunzi alileta debe moja. Kemuma alihakikisha lake linafika kabla ya yote. Kisha alisimama mlangoni kuhesabu madebe ya wenzake, maana yeye ndiye aliyekuwa kiranja, na kazi ya ukiranja hakuifanyia mzaha.

"Bwakire, Kemuma," Mama Tryphosa, mpishi wa shule, alimsalimu kila siku. "Weka hapo. Leo tena umeshinda wengine."

"Bwakire buya, Mama."

Mwaka huo ulikuwa 1972. Mwaka uliotangulia, ugonjwa wa kuhara uliwapiga watoto wengi wa shule hiyo iliyo karibu na soko la Nyaramba. Kemuma mwenyewe alianguka uwanjani wakati wa gwaride, na Mama Tryphosa ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, akipumzika mara mbili tu njiani. Baada ya hapo kamati ya shule iliamua kwamba maji yote ya kunywa yachemshwe, na kazi hiyo akapewa Mama Tryphosa. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Hakuwa na majani chai ya kuchuma wala ng'ombe wa kukama. Jiko lile la shule ndilo lililowalisha watoto wake.

Kemuma alikuwa na kila sababu ya kuridhika. Alipiga kengele, alitunza ufunguo wa kabati la chaki, na tangu darasa la kwanza hakuna aliyewahi kumpokonya nambari moja. Kisha mwezi wa Januari akaja Anyiko.

Baba yake Anyiko, Bwana Opondo, alitoka upande wa ziwani akafungua studio ya picha sokoni Nyaramba. Watu walimiminika kwake kupigwa picha za kipande, yaani kitambulisho, na siku za soko maharusi walipanga foleni nje. Anyiko alikuwa msichana mrefu, mtaratibu, asiyejua neno la Ekegusii zaidi ya salamu, na kwa ajili yake darasa zima lilijikuta likizungumza Kiswahili hata wakati wa kucheza. Muhula wa kwanza ulipokwisha, Anyiko akawa wa kwanza. Kemuma akawa wa pili.

Tangu siku hiyo Kemuma hakuwa na raha. Alimwonea Anyiko wivu, tena wivu wa kukosesha usingizi. Alimwonea wivu kwa viatu vyake, kwa daftari zake zilizofunikwa karatasi ya kaki, na hata kwa namna alivyocheka bila kuziba mdomo. Darasani alihesabu mara ambazo mwalimu alitaja jina la Anyiko na mara ambazo alitaja lake. Siku Anyiko alipokosa jibu, chakula cha mchana kilikuwa kitamu. Kemuma alijua kwamba si vizuri kuwa hivyo, lakini kujua hakukumsaidia.

Muhula wa pili, Mwalimu Josiah, aliyewafundisha sayansi, alileta jambo jipya. Alitengeneza kisanduku cha mbao na kukipaka masizi ya sufuria ndani. Upande mmoja aliweka balbu ya tochi. Katikati alitoboa tundu la kutosha chupa nyembamba ya kioo. Upande wa pili aliacha nafasi.

"Hapa panahitaji jicho," aliwaambia wanafunzi. "Jicho lisilochoka wala kubahatisha. Nimelitafuta mpaka Kisii mjini, sikulipata."

Anyiko aliinua mkono. "Mwalimu, baba ana kipima mwanga. Anakitumia kabla ya kupiga picha. Ana kingine cha zamani asichokitumia, maana kamera yake iliharibika."

Kesho yake kipima mwanga kilikuwa mezani. Kilikuwa kidogo, chenye dirisha la kioo, na mshale mwembamba uliocheza juu ya nambari. Ukikielekeza dirishani, mshale unapanda. Ukikifunika kwa kiganja, unashuka. Wanafunzi walisukumana kukiona. Kemuma alibaki kwenye dawati lake, akijifanya anachonga penseli.

Mwalimu Josiah alieleza kwa subira. "Bakteria ni wadogo mno. Hakuna mtu hapa atakayemwona mmoja kwa macho yake. Lakini ukiwapa chakula na joto, mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, wanne wanakuwa wanane. Wakifika mamilioni, maji yaliyokuwa safi yanaingiwa na ukungu. Ukiyamulika, mwanga unazuiwa, na mshale unashuka. Hatuwaoni wao, lakini tunaona jinsi wanavyotuzibia mwanga."

Mpango wake ulikuwa huu. Wangechemsha supu ya nyama na kuichuja kwa kitambaa mpaka iwe angavu. Wangeitia katika chupa tatu nyembamba, wazichemshe, na kuziziba kwa pamba. Chupa ya kwanza ingebaki na supu peke yake. Ya pili ingetiwa matone ya maji ya kijito. Ya tatu ingetiwa matone ya maji ya kunywa yaliyochemshwa na Mama Tryphosa. Chupa zingekaa jikoni, ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, kando ya jiko. Kisha zingepimwa kila saa, isipokuwa saa saba ya chakula, na matokeo yangeonyeshwa kwa wazazi siku ya wazazi.

"Anyiko atasoma mshale, kwa sababu chombo hiki amekizoea," alisema Mwalimu Josiah. "Kemuma ana mwandiko mzuri. Yeye ataandika."

Darasa likapiga makofi. Kemuma alihisi uso wake ukichoma. Yeye, kiranja, awe karani wa Anyiko? Aliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," kwa sauti ndogo, na moyoni akaapa kwamba jambo hilo halitaishia hapo.

Jumatatu jioni waliweka matone. Jumanne saa tatu asubuhi walianza kupima.

"Kumbukeni," Mwalimu Josiah aliwaambia. "Msizitikise chupa. Futeni kioo, ingizeni, someni, rudisheni. Na mwandike mnachokiona. Msiandike mnachokitaka." Kisha akaenda kufundisha darasa la sita.

Anyiko aliinama juu ya kisanduku. "Ya kwanza, kumi na sita. Ya pili, kumi na tano. Ya tatu, kumi na sita."

Kemuma akaandika. Saa nne chupa ya kijito ilisoma kumi na nne. Saa tano, kumi na mbili. Saa sita, kumi. Ukungu ulionekana sasa hata kwa macho. Chupa ya maji ya kuchemsha haikusogea, ilibaki kumi na sita.

"Si nilisema?" Mama Tryphosa alicheka huku akikoroga uji. "Maji yangu nachemsha mpaka inaruka. Hao wadudu wenu wapite mbali."

Wakati huo Mwalimu Mkuu, Bwana Obwocha, aliingia jikoni kuangalia. Alisoma mshale, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, na kumshika Anyiko bega. "Binti wa Opondo, umetuletea elimu. Siku ya wazazi wewe ndiye utakayesimama mbele ya watu."

Kwa Kemuma hakusema neno. Pengine hakumwona, maana alikuwa ameinamia daftari.

Mchana, wenzake walipokuwa uwanjani wakirusha mpira wa nailoni, Kemuma alifungua kabati la chaki. Alichukua kipande kimoja, akakisaga kwa jiwe mpaka kikawa unga laini, akaufunga katika karatasi. Mama Tryphosa alikuwa ameenda kijitoni kusuuza sufuria. Dakika chache kabla ya kengele ya saa nane, Kemuma aliingia jikoni, akachomoa pamba ya chupa ya tatu, akatia ule unga, akatikisa, akairudisha pamba. Supu ikawa nyeupe kidogo, kama maji yaliyooshewa mchele.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mwalimu angeona chupa imechafuka, angesema Anyiko ameishika ovyo, na mshale ungepata msomaji mwingine. Hayo tu ndiyo aliyoyataka. Alipangusa vidole kwenye sketi, akaenda kupiga kengele.

"Ya tatu," Anyiko alianza saa nane. Aliitoa chupa, akaifuta, akairudisha. "Ya tatu ni tisa. Kemuma, njoo uangalie. Nimekosea?"

"Hujakosea," alisema Kemuma. "Ni tisa." Akaandika tisa.

Mambo hayakwenda alivyopanga. Bwana Obwocha alirudi akiwa na mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mmoja mwenye koti refu, aliyekuja kwa mkutano wa jioni. Mwalimu Mkuu alitaka kumwonyesha ile sayansi. Akasoma mshale mara ya kwanza, akausoma tena.

"Chupa hii ndiyo ya maji yaliyochemshwa?"

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Anyiko.

Bwana Obwocha hakumtazama Anyiko wala mikono yake. Alimgeukia Mama Tryphosa, aliyekuwa anaingia na sufuria kichwani. "Mama, wiki jana watoto wawili wa darasa la pili walirudishwa nyumbani wakiharisha. Nilijiuliza ni kwa nini. Sasa naona. Huchemshi maji. Unawapa watoto maji ya mto."

"Mwalimu, mimi nachemsha. Kila siku nachemsha."

"Chombo hiki hakina ugomvi na mtu. Kimesema."

"Basi kimenisingizia," alisema Mama Tryphosa kwa upole.

Mwenyekiti alikohoa na kutazama chini. Bwana Obwocha akasema kamati ingekaa saa kumi na nusu, na yeye angeomba itafutiwe mpishi mwingine. Wakatoka. Mama Tryphosa aliitua sufuria. Akafungua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, ile aliyoivaa kazini kila siku, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza. Kisha akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, akawatazama wasichana wale wawili.

Kemuma alitoka nje. Aliukumbuka mgongo ule uliombeba mpaka zahanati, na jasho lililokuwa likitiririka shingoni mwa mama huyo. Angesema nini? Angeanzia wapi? Nyuma ya jiko alimkuta Anyiko amemtangulia, ameegemea ukuta analia.

"Ni mimi nimeleta haya," alisema Anyiko. "Ningeacha kile kipima mwanga nyumbani, Mama Tryphosa hangefukuzwa. Lakini nimefikiria kitu. Nitasema sikunawa mikono. Nitasema nilifungua pamba, nikashikashika. Wataona ni kosa langu, si la maji yake."

"Lakini hukufungua."

"Sikufungua. Lakini si wataniondoa tu kwenye mshale? Yeye wakimwondoa, watoto wake watakula nini?"

Kile Kemuma alichokitafuta kwa hila, sasa Anyiko alikuwa anampa bure. Hakuhitaji kufanya chochote zaidi. Alihitaji kunyamaza tu, na mshale ungekuwa wake. Ajabu ni kwamba hakuutaka tena. Alijiona mdogo kuliko wakati wowote aliowahi kuwa wa pili.

Saa tisa walipima tena. "Ya tatu, kumi na moja," alisema Anyiko, akakunja uso. "Imepanda. Mbona imepanda?"

Kemuma alielewa kwa nini. Chini ya chupa chaki ilikuwa imeanza kutua, mstari mwembamba mweupe. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kuandika nane, au saba, na hakuna ambaye angejua. Aliishika kalamu ile kwa muda mrefu mpaka Anyiko akamtazama. Kisha akaandika kumi na moja. Saa kumi, mshale ulifika kumi na tatu, na hapo pia akaandika kumi na tatu.

Kamati ilikaa katika darasa la saba. Mwalimu Josiah alikuja na daftari la vipimo mkononi. Mama Tryphosa aliketi karibu na mlango, leso yake iliyokunjwa juu ya mapaja. Bwana Obwocha alieleza alichokiona, na kabla hajamaliza, Anyiko aliyekuwa amesimama mlangoni pamoja na Kemuma aliingia.

"Samahani, Mwalimu. Maji hayana kosa. Ni mimi. Sikunawa mikono, na nilifungua pamba."

Mwalimu Josiah aliinua macho kutoka kwenye daftari. Akafungua mdomo kusema jambo. Lakini Kemuma alikuwa ameshapita katikati ya madawati, ufunguo wa kabati mkononi, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Anyiko anasema uongo. Amenawa mikono kila saa, mimi nimemwona. Niliyetia kitu katika chupa ni mimi. Nilisaga chaki nikaitia. Nilitaka Anyiko aondolewe kwenye mshale. Sikujua watasema ni Mama Tryphosa."

Aliuweka ufunguo mezani.

Mwalimu Josiah alikwenda jikoni, akarudi na chupa ya tatu ameishika kwa uangalifu. Akaielekeza dirishani, wote wakaona unga mweupe umetua chini na supu juu yake imeanza kuwa safi.

"Nilijua si bakteria," alisema. "Nilijua nilipoliona daftari. Bakteria huongezeka kidogo kidogo, kama ilivyokuwa kwa chupa ya kijito. Kumi na tano, kumi na nne, kumi na mbili. Hawawezi kutoka kumi na sita wakaangukia tisa kwa saa mbili. Na wakishajaa, hawaondoki wenyewe baada ya chakula cha mchana. Mshale huu ulianguka, kisha ukapanda tena. Nilijua kuna mkono wa mtu. Nilichokuwa sijui ni mkono wa nani, na nambari hizi za mwisho zingefichwa nisingejua hata hilo." Akamtazama Kemuma. "Nani aliandika kumi na moja na kumi na tatu?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Ulijua zinakuumbua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu Josiah alifunga daftari. Bwana Obwocha alisimama, akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu. "Mama Tryphosa," alisema, "nimekukosea. Chombo kilikuwa bado kinapima, mimi nikawa nimeshahukumu. Naomba msamaha mbele ya kamati."

Mama Tryphosa aliikunjua leso na kujifunga tena kiunoni. "Nimesikia, Mwalimu," alisema. Kisha akaenda kuangalia moto wake.

Kemuma alipoteza ukiranja na ufunguo wa kabati. Adhabu yake ilikuwa kuleta madebe mawili ya maji na mzigo wa kuni kila asubuhi mpaka muhula uishe. Hakulalamika. Kilichomchoma ni kwamba Mama Tryphosa hakumsalimu tena. Alimwambia tu, "Mimina hapa," au "Kuni weka kule." Siku kumi zilipita hivyo, na kila siku Kemuma alisema "Bwakire buya" na kujibiwa na moshi wa jiko.

Wiki iliyofuata kipimo kilirudiwa. Anyiko alisoma, Kemuma akaandika, kwani Mwalimu Josiah hakutaka mwandishi mwingine. Chupa ya kijito iliteremka hadi sita. Chupa ya Mama Tryphosa ilikaa kumi na sita tangu asubuhi hadi jioni. Wale watoto wawili wa darasa la pili, ilikuja kujulikana, walikuwa wakinywa maji ya kijito wakienda nyumbani.

Siku ya wazazi, karatasi kubwa ilitundikwa ukutani. Ilikuwa na mistari mitatu. Mmoja ulishuka taratibu: maji ya kijito. Mmoja ulinyooka: maji ya kuchemsha. Wa tatu ulianguka kama mtu aliyeteleza, kisha ukapanda. Mwalimu Josiah alikataa kuufuta. Anyiko alieleza mistari miwili ya kwanza, na wazazi wakamsikiliza kwa heshima. Wivu ulimgusa Kemuma tena, kidogo, na akautambua.

"Na huu wa tatu ni wa nini?" aliuliza mwanamume mmoja kutoka nyuma. Alikuwa Bwana Opondo.

Anyiko alimtazama Kemuma. Kemuma akasogea mbele. Mama yake mzazi alikuwa pale, na majirani zake wote.

"Huu ni wa chaki," alisema. "Niliitia mimi, kwa sababu nilimwonea Anyiko wivu. Bakteria hawachori mstari wa namna hii. Karibu Mama Tryphosa apoteze kazi kwa sababu yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya jiko. Punde Mama Tryphosa akatoka na kikombe cha bati cha maji, akakaa kando yake.

"Kunywa," alisema. "Imechemka vizuri."

Kemuma akanywa. Machozi yakamtoka.

"Nilikuwa na hasira na wewe," aliendelea Mama Tryphosa. "Si kwa sababu ya kazi. Kwa sababu mimi nilikubeba, na wewe hukunifikiria hata kidogo. Sikiliza, omwana one, mwanangu. Wivu utakuja tena, hata mimi huwa unanijia nikiona ng'ombe ya jirani. Ukikuja, usiushikie chaki. Wewe ulitaka kuchafua Anyiko, ukachafua mimi. Uchafu ukishautupa, huwezi kuuchagulia mtu wa kuangukia."

Alichukua kikombe kilichobaki kitupu, akasimama.

"Kesho ukileta maji, pitia kwa Anyiko mje pamoja. Lile debe lake ni kubwa, anachoka njiani."

Asubuhi iliyofuata, wasichana wawili walifika jikoni na madebe yao.

"Bwakire, Kemuma," alisema Mama Tryphosa. "Bwakire, Anyiko. Wekeni hapo."